Sista wa Ekerenyo na Njia ya Mkono

Jumanne ya wiki juzi nilikuwa Keumbu, nimeegesha gari kando ya barabara nichague mkungu wa ndizi, mtu aliponigusa bega na kuniita mwalimu. Nilipogeuka nilimtambua. Alikuwa mdogo wake yule muuguzi wa Ekerenyo ambaye mimi na watu wa nyumbani kwetu tulizoea kumwita Sista tu, kana kwamba duniani hakuna sista mwingine. Hakuzungukazunguka. "Mwalimu," akasema, "dada ametuacha. Jumapili asubuhi." Figo zilikuwa zimemsumbua tangu mwaka jana, na mimi nilikuwa nimeahidi mara tatu kwenda kumwona, nikaenda mara moja. Niliondoka Keumbu bila ndizi. Nilipofika nyumbani, mke wangu alinitazama mara moja tu akajua kuna msiba, akavuta kiti akakaa kabla sijamwambia ni wa nani.

Tumemzika Alhamisi iliyopita. Msomaji wangu wa siku nyingi anajua kwamba mimi si mpenzi wa hotuba za makaburini, lakini zile nilizisikiliza zote kwa makini, nikingoja mtu aseme jambo fulani. Mzee wa kanisa alisema marehemu alikuwa nguzo ya akina mama. Mkubwa mmoja wa hospitali alisoma orodha ya vyeo alivyoshika na vyeti alivyopata. Jirani alisifu migomba yake. Yote yalikuwa kweli tupu. Hata hivyo, hakuna aliyetaja siku ile aliposimama mbele ya daktari, mwishoni mwa miaka ya tisini, akamwomba aache paja la mgonjwa na kupitia mkononi. Huenda waliokuwa pale hawakujua. Mimi najua, kwa kuwa mgonjwa mwenyewe alikuwa baba yangu.

Baba alikuwa mkulima wa chai kule Gesima. Asubuhi moja alikuwa amesimama kwenye kituo cha kukusanyia majani, kikapu chake kikingoja zamu ya kupimwa, alipohisi kitu kizito kimemkalia kifuani. Alidhani ni uji alioubugia kwa haraka. Jasho likamtoka katika baridi ile ya Gesima, mkono wa kushoto ukafa ganzi, akakaa chini juu ya nyasi zenye umande. Wenzake walimbeba hadi barabarani, wakasimamisha gari la kubebea majani chai, na saa nne hivi alikuwa hospitalini Kisii. Daktari wa pale aliliona tatizo mara moja: mshtuko wa moyo. Mshipa unaoulisha moyo damu ulikuwa umezibwa na damu iliyoganda. Alikuwa na dawa ya kuyeyusha damu ya namna hiyo, akamtundikia, na kufikia alasiri Baba alikuwa anauliza nani amepeleka kikapu chake kwenye mizani.

Tungeishia hapo tukashukuru, lakini yule daktari alikuwa mtu mwangalifu. Aliniambia mshipa uliofunguliwa na dawa unaweza kuziba tena, na kwamba Nairobi kulikuwa na mtaalamu aliyeweza kuuona kwa mashine na kuupanua kwa puto dogo. Alimpigia simu, wakakubaliana. Kesho yake tuliondoka kulipopambazuka, Baba amelala ndani ya gari la wagonjwa, mimi nimekaa ubavuni pake. Tulipokuwa tunakaribia Nakuru alinishika goti kwa nguvu nisizozitarajia. "Kimerudi," akasema. Hakuhitaji kueleza ni nini kilichorudi. Kuanzia hapo hadi Nairobi sikumbuki hata kijiji kimoja tulichopita. Nakumbuka tu uso wake uliokuwa wa rangi ya majivu, na dereva aliyekuwa akiimba wimbo wa kanisa kwa sauti ya chini bila kukoma.

Tulipofika, mlango ulifunguliwa na mwanamke mwenye umri kama wangu, mfupi, mwenye mikono mipana kama ya mtu aliyelima sana utotoni. Alisikia nikimsemesha Baba, akatambua lugha. Akainama akamwamkia kwa Ekegusii, akamwita tata, yaani baba. Nilimwona Baba akifumbua macho kama mtu aliyepotea sokoni akasikia jina lake linaitwa. Maumivu yale hayakumzuia kumuuliza ni wa wapi, wa ukoo gani, binti wa nani. Wa Ekerenyo, akajibu, na akamtaja baba yake. Baba alimfahamu. Walitahiriwa mwaka mmoja. "Basi wewe ni binti yangu," Baba akasema, na kwa mara ya kwanza tangu Nakuru akatabasamu. Sista naye akatabasamu, kisha nikaona tabasamu lake linafifia. Alikuwa ameshatambua alichojifanyia.

Wakati huo, kwa madaktari wengi, njia ya kuufikia moyo ilikuwa moja. Mgonjwa alivuliwa nguo, akanyolewa na kusafishwa kwenye kinena, pale paja linapokutana na tumbo. Hapo pana mshipa mkubwa wa damu. Daktari aliudunga, akaingiza mrija mwembamba, akausukuma kwa ndani hadi kwenye moyo huku akiutazama kwenye kioo cha eksirei. Kazi ya kuvua, kunyoa na kusafisha ilikuwa ya muuguzi. Baada ya yote, mrija ulipotolewa, ni muuguzi huyo huyo aliyekandamiza kinena kwa mkono wake, wakati mwingine kwa nusu saa nzima, damu isifoke. Sasa kwa sisi Abagusii kuna heshima ya baina ya mzazi na mtoto ambayo tunaiita chinsoni. Binti haoni uchi wa baba yake, na baba huyo si lazima awe aliyemzaa. Mwenzake wa tohara ni baba vilevile. Sista, kwa kumsalimu mgonjwa ili kumtuliza, alikuwa amejigeuza binti yake, na siku hiyo hapakuwa na muuguzi mwingine wa kuishika kazi hiyo kwenye kitengo kile.

Baba alipoelezwa kitakachofanyika alikataa. Hakupiga kelele. Alishika ukingo wa blanketi kwa mikono miwili akasema, "Nirudisheni nyumbani." Mimi, msomi wa familia, nilipandwa na hasira iliyotokana na hofu. Nikamwambia, "Baba, acha mambo ya zamani! Unataka kufa kwa sababu ya aibu?" Sista alinigeukia. Sauti yake haikupanda hata kidogo. "Mwalimu, usimwambie hivyo. Haya si mambo ya zamani. Haya ni yake, na ni yangu pia." Nimefundisha watoto wa watu kwa miaka mingi, na ni mara chache nimekanywa kwa maneno machache namna ile nikakubali moyoni papo hapo.

Ili uelewe alichofanya baada ya hapo, sina budi kukurudisha nyuma mwaka mmoja hivi, kwenye kisa alichonisimulia yeye mwenyewe siku nyingi baadaye. Kitengoni kwao aliletwa mfanyabiashara wa nguo kutoka mjini Kisii, Mhindi mmoja mzee ambaye dukani kwake ndiko mama yake Sista alikokuwa akimnunulia Sista sare za shule. Walikumbukana. Mzee yule alipata matibabu kupitia kinena, mshipa wa moyo ukafunguka vizuri, madaktari wakapongezana. Sista alikandamiza paja hadi mabega yakamuuma, damu ikakoma, akamwekea mfuko wa mchanga na kumsihi alale chali bila kukunja mguu. Baada ya muda mzee akalalamika kwamba mgongo unamuuma. "Nilimwambia ni kitanda tu," Sista aliniambia. "Nilimwambia, mzee wangu, kila anayelala hivi mgongo humuuma. Nikamrekebishia mto." Damu ilikuwa inavuja kwa ndani, kuelekea mgongoni, mahali ambapo hakuna bendeji inayolowa ili ikuonye. Walipogundua, ilikuwa imeshakuwa nyingi mno. "Moyo wake ulikuwa umepona, mwalimu. Tulimpoteza kwa ajili ya paja." Alisimulia akiwa ameiweka mikono yake mezani, anaitazama. Hakumlaumu mtu. Lakini kuanzia siku hiyo alianza kusoma kila alichoweza kukipata, na kumuuliza maswali kila daktari aliyekuwa na subira ya kujibu.

Mmoja wa madaktari hao ndiye yule aliyepigiwa simu kutoka Kisii, na ndiye aliyekuwa zamuni siku tuliyofika sisi. Alikuwa amerudi karibuni kutoka masomoni ng'ambo, na huko alimwona mwalimu wake akipitisha mrija kwenye mshipa wa mkono, pale pale tunapopima mapigo ya moyo. Hata yeye alikuwa ameshaijaribu njia hiyo mara kadhaa Nairobi, kwa wagonjwa watulivu waliokuja kupigwa picha tu. Hakuwa amewahi kuijaribu kwa mtu ambaye moyo wake unakufa huku saa inakimbia. Mshipa wa mkono ni mdogo, hukasirika na kujibana upesi, na mkononi daktari alikuwa mwanafunzi ilhali kwenye paja alikuwa bingwa.

Sista alimfuata kwenye beseni alikokuwa akinawa. "Daktari, huyu apitie mkononi."

"Sista, huyu ni wa dharura. Hatuna muda wa majaribio."

"Jana amepewa dawa ya kuyeyusha damu. Damu yake haigandi vizuri. Ukimtoboa kinena leo, nani atakayeizuia? Mimi ndiye nitakayekandamiza, na mimi nakwambia siwezi kukuahidi."

Daktari aliendelea kunawa. "Na kama mkono ukikataa?"

"Basi tutakwenda kwenye paja, nami nitakuwa nimeshamtayarisha mzee kwa hilo. Lakini kwenye mkono mshipa uko juu ya mfupa. Ukivuja nauona, na kidole kimoja kinatosha kuuziba."

Maneno hayo niliyasikia mwenyewe, kwa kuwa mlango ulikuwa wazi na mimi nilikuwa nimesimama pale kama nguzo. Daktari aliacha kunawa, akamtazama kwa muda ulioonekana mrefu, labda sekunde kumi. Kisha akasema, "Pima kiganja."

Kupima kiganja ni jambo rahisi ambalo nimekuwa nikiwaonyesha wajukuu. Mkono una mishipa miwili inayouletea damu, mmoja upande wa kidole gumba na mwingine upande wa kidole cha mwisho. Kabla ya kuutumia wa kwanza, ni lazima ujue kwamba wa pili unaweza kuulisha mkono peke yake. Sista alimwambia Baba akunje ngumi, akaibana mishipa yote miwili kwa vidole vyake, kisha akamwambia afungue. Kiganja hubaki cheupe. Ukiuachia mshipa wa upande wa kidole cha mwisho, rangi inapaswa kurudi mara moja. Shida ni kwamba viganja vya Baba vilikuwa vya mchuma chai wa miaka thelathini, vigumu, vimetiwa weusi na utomvu usiotoka kwa sabuni yoyote. Mhudumu aliyekuwa ameshika taa akasema haoni kitu. "Mimi naona," Sista akajibu. "Usiangalie ngozi. Angalia chini ya kucha." Akarudia mara mbili kuhakikisha. Rangi ilirudi.

Baba alipoambiwa kwamba atabaki na suruali yake, na kwamba kinachotakiwa ni mkono wa kulia tu, aliachia blanketi. Wakamwingiza ndani, mlango ukafungwa. Yaliyotokea humo nimeyapata kwa Baba na kwa Sista, na hadithi zao hazikutofautiana ila kwa jambo moja: Baba aliapa kwamba hakuguna hata mara moja, naye Sista alisema kuguna kwake kulisikika hadi jikoni.

Mrija uliingia vizuri hadi karibu na kiwiko, kisha mshipa ukabana. Ulibana kama mkono wa mtu aliyeogopa unavyojifunga ngumi. Daktari alisukuma taratibu, haukwenda. Alivuta, haukurudi. Baba alihisi mkono mzima unawaka moto. "Haupiti," daktari akasema. "Tayarisheni paja."

"Nipe dakika mbili, Daktari," Sista akasema. "Tumwongezee dawa ya kulegeza mshipa, na mimi niongee naye."

Dawa ikaingizwa. Sista akafunika mkono kwa kitambaa chenye joto, akasogea karibu na kichwa cha mgonjwa, akamuuliza kwa Ekegusii zamu ya kuchuma chai yake ni lini tena. Baba alishangazwa na swali. Akajibu Jumatatu. Sista akamuuliza kama ni kweli watu wa Gesima huchuma hata majani yaliyokomaa ili kikapu kijae haraka. Hapo alikuwa amemchokoza mzee mahali penyewe. Baba akaanza kumweleza, kwa pumzi fupifupi lakini kwa uchungu wa mkulima anayejiheshimu, kwamba yeye huchuma majani mawili na chipukizi, basi, na kwamba wanaochanganya wanaharibia kila mtu jina. Akiwa katikati ya maelezo hayo bega lake lilishuka, vidole vikafunguka, na daktari akahisi mrija unateleza. "Umepita," akasema kwa sauti ya chini. Hakuna aliyemjibu, maana Baba alikuwa bado anafundisha kilimo cha chai. Muda mfupi baadaye waliona kwenye kioo mahali palipoziba, wakapitisha puto, wakalijaza, na damu ikatiririka ndani ya moyo. Baba alisema alijua saa ile ile. Kile kitu kizito kiliondoka kifuani kama gunia linavyotuliwa.

Mimi niliitwa baada ya hapo nikamkuta wodini ameketi, ndiyo, ameketi, amefungwa bendeji kwenye kifundo cha mkono, anakunywa uji kwa mkono wa kushoto. Kando yake walilala wanaume wawili waliopitia kinena siku hiyo, chali, mifuko ya mchanga mapajani, hawaruhusiwi hata kuinua kichwa. Mmoja wao alimtazama Baba akienda msalani kwa miguu yake mwenyewe, na aliporudi akamuuliza, "Mzee, wewe umefanyiwa nini?" Baba akainua ule mkono wenye bendeji. "Nimesalimiwa tu," akasema. Sista aliyekuwa akipima joto kitanda cha pili alicheka hadi akalazimika kutoka nje.

Baba aliishi zaidi ya miaka kumi baada ya hapo, akachuma chai yake, akawazika wenzake kadhaa wa tohara, akiwemo baba yake Sista mwenyewe. Yule daktari naye alibadilika. Sista alinieleza kwamba kwa miezi iliyofuata, kila daktari alipoletewa mgonjwa, alimtazama yeye Sista kwanza na kuuliza, "Mkono au paja?" Kuna nyakati Sista alijibu paja. Hakuwa na ugomvi na kinena. Kuna mishipa ya mkono iliyo midogo mno au iliyojipinda, na kuna wagonjwa ambao njia kubwa ndiyo ya haraka na ya hakika. Alichokikataa ni kwenda huko kwa mazoea. Wenzao wengine waliwacheka, wakasema mkono ni mbwembwe za waliosoma ng'ambo, utawachelewesha. Leo mambo yamegeuka, na ukiwauliza madaktari wengi wa moyo watakwambia wanaanzia mkononi, hasa katika dharura, kwa sababu ile ile aliyoitaja Sista pale kwenye beseni. Alipostaafu alirudi Ekerenyo, lakini mara kwa mara alikuwa akienda Kisii kuwafundisha wauguzi wachanga kutazama chini ya kucha.

Nimefikiri sana wiki hii kwa nini kisa hiki hakikusemwa kaburini. Nadhani ni kwa sababu hatuna mazoea ya kuyahesabu mambo ya namna hii kuwa kazi kubwa. Tunamkumbuka aliyeshika mrija, na ni haki yake, maana bila ustadi wake Baba angekufa. Lakini nchini mwetu, hospitalini, shuleni, viwandani, hata makanisani, kuna watu ambao kazi yao huanza pale mkubwa anapovua glavu na kuondoka. Wao ndio hubaki na mgonjwa. Wao ndio huona kinachovuja na kusikia mgongo unaouma, na kwa kuwa wamezoea kutoulizwa, wengi huacha kusema. Nami simtupii lawama mkubwa peke yake. Mimi mwenyewe, kwa elimu yangu yote, nilikuwa tayari kumnyang'anya baba yangu heshima yake nikidhani namwokoa, na sikuwa nimemuuliza yeyote kama kuna njia nyingine.

Sista hakuwa mtu wa kupaza sauti. Alipoombolezwa, mwanamke mmoja alisema alikuwa mpole, nami nikataka kusimama nimsahihishe. Upole wa kunyamaza hakuwa nao. Alikuwa amemwona mtu mmoja akifa kwa jambo ambalo yeye mwenyewe alilidharau, akakataa kulidharau mara ya pili, hata kama ilimbidi amsimamishe daktari mwenye haraka. Na yule daktari, aliyekuwa na kila sababu ya kumwambia anyamaze, alijipa sekunde kumi za kumsikiliza. Hilo ndilo funzo ninalolichukua kutoka Ekerenyo, na ningependa ulichukue nawe, uwe wewe ndiye mkubwa au ndiye unayebaki na mgonjwa: anayejua na aseme kabla kazi haijaanza, na mwenye uamuzi asimame amsikie. Sekunde kumi tu zilitosha kumrudishia baba yangu uhai wake, akaendelea kuishi nao bila kumwonea aibu mtu yeyote.